Farasi Wanne Kando ya Kivu

Farasi wa kwanza kunipiga teke alikuwa mdogo kuliko wote bandani. Aliitwa Kahawa, farasi wa Kihabeshi, mgongo wake haukufika begani kwangu, na teke lake lilinikalisha ndani ya ndoo ya maji asubuhi ya kwanza kabisa ya kazi. Naanza na teke hilo kwa sababu ninyi mliobaki bandani, mliponiaga mwezi uliopita, mliniomba niandike yote ninayoyajua, na hilo ndilo jambo la kwanza nililolijua. Habari za vyeo sitaziandika. Bandani kwetu vyeo vilikuwa viwili, mwenye koleo na mwenye hatamu, na wote wawili walinuka sawasawa.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi wa Kinyarwanda, nikakulia nyuma ya ng'ombe. Tuliporudi nyumbani nilifanya vibarua vya hapa na pale Gisenyi, mpaka nikasikia kuna mtu anajenga banda la farasi karibu na ziwa, upande wa kwenda Rubona, ili watalii wapande na kutembezwa ufukweni. Mwenyewe alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyerudi kutoka Uganda. Tulimwita Afande, na mpaka leo sijamsikia mtu akimwita vingine. Aliniuliza swali moja tu: "Wewe unaogopa mnyama mkubwa?" Nikasema siogopi. Hakuniuliza mnyama gani.

Aliyenitoa kwenye ile ndoo alikuwa Feza. Nilimzidi miaka kumi na mitatu, na yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Masisi, ng'ambo ya mpaka, ambako baba yake alichunga ng'ombe wa shamba kubwa akiwa juu ya farasi. Alijua kupanda kabla ya kujua kusoma. Asubuhi ile alikuwa amekwisha kuniuliza jina la mtoto wangu wa kwanza, na tangu hapo hakuniita jina jingine. Hakucheka. Alisubiri nikamue suruali, akasema:

"Papa Uwera, uliingia mu nyuma yake kimya. Ye haone nyuma. Alifikiri ni nyama ya pori inakuya kumukula. We sema kwanza. Sema hata uongo, lakini sema."

Tangu siku hiyo nilizungumza na farasi kila nilipoingia. Mwanzoni niliwaambia habari za mvua. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nawaambia mambo ambayo hata mke wangu hakuwa ameyasikia bado.

Asubuhi za Gisenyi mnazijua. Ukungu hulala juu ya ziwa kama mtu asiyetaka kuamka, na sauti za wavuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, hufika ufukweni kabla ya mitumbwi yao. Tulikuwa tunawatoa farasi saa hiyo, na katika ule weupe huoni farasi mzima. Unaona sikio, unaona mvuke wa pumzi, unasikia kwato kwenye changarawe nyeusi za mlima wa moto. Miaka yangu ya kwanza naikumbuka hivyo, vipande vya farasi vinavyoelea, na sauti ya Feza mahali fulani mbele ikinieleza kila kimoja ni cha nani.

Walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa wa kabila lake. Feza alinifundisha kwanza kuwagawa kwa damu. Wapo farasi wa damu moto na wapo wa damu baridi. Msichukue kipimajoto, maana joto la mwili ni lile lile. Damu moto ni yule ambaye jani likianguka Rubona yeye anaruka Gisenyi. Damu baridi ni yule ambaye tawi likimwangukia analitafuna.

Sultani alikuwa Mwarabu, wa rangi ya majivu, paji la uso limebonyea kidogo na matundu ya pua makubwa. Kabila lake lilizaliwa kwa safari ndefu za jangwani. Mwarabu hula kidogo, hunywa kidogo, na anaweza kutembea kutwa nzima halafu akuangalie kana kwamba wewe ndiye uliyechelewa. Ana akili nyingi, na ndiyo taabu yake. Ukimfungia kamba vibaya Jumatatu, Ijumaa bado anakukumbusha. Sultani tuliwapa wageni waliojua kupanda na waliokuwa na adabu. Wasio na adabu aliwarudisha bandani yeye mwenyewe, kabla ya wakati wao kwisha.

Kahawa, yule wa ndoo, alikuwa wa milimani. Farasi wa Kihabeshi ni mdogo, mgumu, na miguu yake inajua jiwe gani litateleza kabla hajalikanyaga. Watoto tuliwaweka juu yake. Mnaweza kushangaa, baada ya teke lile, lakini Kahawa alimpiga tu mtu aliyepaswa kuwa na akili. Kwa mtoto alikuwa kama kitanda kinachotembea.

Wa tatu alikuwa Boniface, farasi wa mizigo, ambaye bibi zake waliletwa kutoka Ulaya kuvuta magogo na majembe. Alizaliwa Masisi na alivuka mpaka pamoja na Feza. Kwato zake zilikuwa kama sinia, na shingo yake mtu mmoja hawezi kuizungushia mikono. Wale wa mizigo hunenepa kwa kuyatazama majani. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa machicha ya kiwanda cha bia, ndoo nzima kila siku, nikidhani mwili mkubwa unataka chakula kikubwa. Baada ya wiki mbili kwato zilishika moto, akawa anasimama kwa kuegemea nyuma kama mzee aliyevaa viatu vinavyombana. Feza alimsimamisha ziwani kutwa, maji yakipoza miguu, siku tisa. Hakunigombeza. Alinipa kamba tu, nisimame naye humo majini, niyahisi yale maji mimi mwenyewe.

Siku ya tano nikiwa nimelowa mpaka kiunoni nilimuuliza kama mnyama huyu huwa anaogopa kitu chochote. Feza alikuwa amekaa ukingoni akinoa kisu cha kwato.

"Ye ni mutu wa kazi," alisema. "Damu yake iko baridi, donc haina haraka ya kuogopa. Lakini ikishaogopa, haina haraka ya kuacha."

Wa nne ndiye aliyetaka kunifukuzisha kazi. Tulimwita Madame, farasi jike wa mbio, mwekundu kama shaba, mrefu, ngozi nyembamba hata mishipa ilionekana ikipiga. Alikuwa amekimbia kwenye mashindano Nairobi mpaka alipoanza kushindwa. Kabila hilo lilitengenezwa kwa kitu kimoja tu, kwenda shoti na kumpita mwenzake. Nyayo zake ni laini, changarawe zetu zilimuumiza, na alikula mara mbili ya Boniface bila kuonyesha popote. Lakini uzuri wake! Akitoka katika ukungu wa asubuhi watu walisimamisha baiskeli.

Na mimi nilidanganywa na uzuri huo. Mwaka wangu wa tatu bwana harusi mmoja wa Mbugangari, muuza vipuri vya pikipiki, alitaka kuingia kwenye sherehe yake Rubona akiwa juu ya farasi. Feza alikuwa amekwenda kumzika shangazi yake. Nilipaswa kumpa Boniface. Nilimpa Madame, kwa sababu suti ilikuwa nyeupe na niliona picha itapendeza. Tulifika vizuri. Kisha mtu akawasha spika, mbili, kila moja ndefu kama mlango.

Madame hakuruka wala hakupiga teke. Alikimbia, kama alivyofundishwa. Alipita katikati ya viti, akateremka ufukweni na bwana harusi amemkumbatia shingo, na ufukwe ulipokwisha akaendelea na ziwa. Niliwaona wakielea, kichwa chekundu na kichwa cheusi, suti nyeupe imefura majini kama ua. Palikuwa na kimya cha ajabu, maana aliyekuwa kwenye spika alikuwa amezima. Farasi wanajua kuogelea kuliko sisi. Madame aligeuka polepole, akarudi, akasimama maji yakimfika kifuani, na bwana harusi akashuka akiwa mzima, akaenda kuoa akiwa amelowa. Nasikia siku hizi anasimulia kwamba alipanga iwe hivyo.

Afande hakulichukulia hivyo. Alikuja kesho yake, akasimama mlangoni mwa banda bila kuketi.

"Huyo farasi anaondoka," alisema. "Finished. Ataua mtu."

Feza alikuwa amerudi asubuhi hiyo, bado amefunga kitambaa cha msiba. "Afande, farasi haina kosa," alisema. "Kosa iko ya mutu alichagua."

Hakunitazama. Angenitazama ningekasirika, na hasira ingenisaidia kunyamaza. Nikasema, "Ni mimi, Afande. Nilichagua kwa macho."

Afande alimtazama Madame kuanzia masikio mpaka kwato. "Then you fix it," akasema mwisho. "Mwezi mmoja. Akishindwa, mnaondoka wote wawili."

Mwezi ule ndio ulionifundisha kazi. Kila alfajiri nilimwingiza Madame ziwani, kwa kuwa majini hakuna anayeweza kukimbia, hata aliyezaliwa kukimbia. Tulitembea sambamba na ufukwe, maji yakimfika tumboni, mimi nikishika shingo yake kwa mkono mmoja. Feza alitembea nchi kavu akigonga sufuria, kwanza mbali, kisha karibu. Kila sufuria ilipolia nilihisi chini ya kiganja changu misuli ikijikusanya, ikiuliza njia, na maji yakimjibu kwamba njia iko polepole tu. Siku nyingine ukungu ulikuwa mzito hata Feza akapotea, ikabaki sauti ya sufuria ikitoka mahali popote, na mimi na yule mnyama tukawa hatujui tena nani anamtuliza nani. Mke wangu anasema nilikuwa naamka nikiwa tayari nimenyoosha mkono.

Ilipofika wiki ya nne, sufuria ikilia, Madame alishusha kichwa na kupumua. Feza aliiweka chini, akanieleza jambo ambalo nataka mlikumbuke: farasi wa mbio akiogopa anakwenda, na mwenye kwenda unaweza kumwonyesha upande. "Woga ya kukimbia inaongozwa," alisema. "Woga ya kusimama, ile ndiyo kazi." Madame alibaki, na mimi nikabaki.

Kisha miaka ilipita kama inavyopita penye wanyama, kwa kwato na majani na mvua. Nilijifunza kuchonga kwato, kusikiliza tumbo la farasi kwa sikio ubavuni, kujua kwa mkao wa masikio nani ameamka vibaya. Hayo mengi mnayajua, nimewafundisha mwenyewe. Niwaambie la siku zile za mlima, kwa kuwa wengi wenu hamkuwapo.

Mlima wa moto wa Nyiragongo, ng'ambo ya mpaka, ulipofunguka, moto wenyewe haukutufikia. Kilichotufikia ni ardhi. Ilitetemeka siku baada ya siku, saa yoyote, vikombe vikitembea mezani, na watu wa Goma walivuka mpaka kwa maelfu, godoro kichwani, mtoto mgongoni. Sultani aliacha kula. Kahawa alisimama katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta, wala hatukuweza kumrudisha ndani. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, ukuta wa nyuma wa banda ulipasuka kutoka juu mpaka chini, na nuru ya ziwa ikaingia kupitia ufa huo kana kwamba mtu amefungua kitabu.

Afande alikuwa Kigali. Alinipigia simu, akasema, "Kamanzi, toa wote. Peleka Kanama. Sasa hivi." Kanama ni mlimani, safari ya saa tatu kwa miguu ukipanda, na huko alikuwa na jamaa yake mwenye shamba la viazi.

Mimi ndiye niliyepanga msafara. Niliweka Boniface mbele, damu baridi, mlima unaotembea, ili wenzake wamfuate na kutulia. Feza aliniangalia, akanipa kamba yake. Baadaye aliniambia kwamba hata yeye alidhani itafaa.

Tulitoka mjini katikati ya watu. Hakuna aliyeshangaa kuona farasi siku ile. Nyuso zilitupita kama nyuso za usingizini, sufuria, kuku, mashine ya kushonea juu ya baiskeli. Mahali barabara inapoanza kupanda, lami ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba, mtoto angeweza kuuruka. Boniface alifika pale, akashusha kichwa, akaunusa. Wakati huohuo ardhi ikatikisika chini yetu.

Akasimama.

Nilivuta. Nikasema naye, nikamwambia habari zote ninazozijua. Nikamfunika macho kwa koti langu. Alikuwa akitetemeka mwili mzima, kidogo kidogo, kama maji ndani ya beseni, na kwato zake nne zilikuwa zimeota mizizi. Nyuma yetu Sultani alianza kuzunguka kwenye kamba yake, Kahawa akapiga kelele. Watu walikuwa wanatusukuma.

"Papa Uwera," Feza aliita, "nipatie Madame mbele! Ye atakwenda."

"Na Boniface?"

Feza alilelewa pamoja na farasi huyo, walivuka mpaka wote wawili. "Ukimungojea, tutapoteza wote ine," alisema.

Akamshika Madame. Yule jike akauruka ufa bila kuutazama, akaondoka kwa hatua ndefu, na Sultani na Kahawa wakavutwa nyuma yake kama uzi unaofuata sindano. Nikawaona wakipanda mpaka kona ikawameza.

Mimi nilikaa chini ukingoni, kamba ya Boniface mkononi. Sikuwa na mpango. Nilijua mnyama wa uzito ule hakokotwi, na nilijua sitamwacha, na kati ya mambo hayo mawili hapakuwa na la tatu. Ardhi ilitikisika mara mbili nyingine. Jua lilikwenda. Watu walipita na kupita mpaka nikaacha kuona nyuso, nikawa naona miguu tu, viatu visivyofanana, na nadhani kwa kitambo nilisinzia na macho wazi.

Miguu miwili ikasimama mbele yangu. Alikuwa mwanamke wa Goma, mtoto mgongoni, na nyuma yake bibi kizee akiegemea fimbo ya mwavuli, uso umekuwa wa kijivu kwa uchovu.

"Papa, iyi nyama inabeba mutu?" mwanamke aliuliza. "Koko huyu, bibi yangu, miguu imemukatala. Mi siwezi kumubeba na mutoto."

Nikamwambia ukweli: anabeba, lakini hatembei, ameogopa.

Bibi mwenyewe akasema, "Bon. Na mi naogopa. Nipandishe."

Nilikunja blanketi lao, nikaliweka mgongoni. Vijana wawili waliokuwa wakipita walinisaidia kumwinua. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa kuni kavu. Alipokaa, akakamata nywele za shingo kwa mikono miwili, akashusha pumzi.

Niliona masikio ya Boniface yakigeuka nyuma, moja baada ya jingine, yakimsikiliza aliye juu yake. Nikaona mgongo ukishuka kidogo na kujipanga, kama mtu anavyoweka bega sawa chini ya gunia. Tetemeko la ngozi likakoma. Bila mimi kuvuta, akainua mguu wa mbele, ule wenye kwato ya sinia, akauweka ng'ambo ya ufa. Kisha wa pili. Mababu zake wote walizaliwa ili wapewe kitu cha kubeba, na miaka yote hiyo nilikuwa nimemwona na sikuwa nimemwelewa. Nilimvuta akiwa mtupu. Mtupu hakuwa na sababu ya kwenda popote.

Tulipanda. Mwanamke alishika mkia, mimi kamba, na bibi juu alianza kuimba kwa sauti ndogo, wimbo wa kanisani bila maneno. Pande zote mbili kulikuwa na migomba na maua ya viazi, na ukungu ulikuwa unashuka kutulaki. Tulipoingia Kanama, Feza alikuwa amesimama barabarani. Alituona, akakaa chini palepale, kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kitenge.

Siku tatu zilizofuata Boniface aliteremka na kupanda barabara ile, mara moja kila siku, nami kando yake. Alibeba wazee, alibeba mama aliyekaribia kujifungua, alibeba mtu aliyevunjika mguu na magunia ya wasio na nguvu. Kwenye ufa hakusimama tena. Mkiniuliza kazi yangu ilikuwa nini katika miaka yote hii, nitawaambia ilikuwa siku hizo tatu. Nyingine zote zilikuwa maandalizi.

Siku ya nne ardhi ilikuwa kimya. Watu walianza kurudi, wanateremka wenyewe, wepesi, wakitaniana. Hakuna aliyehitaji kubebwa. Nilimkuta Boniface getini mwa shamba la viazi, saa ileile ya kila siku, amesimama uso ukielekea chini barabarani, blanketi la yule bibi bado liko juu ya uzio kando yake. Alikuwa anangoja. Nilimwambia kwamba imekwisha, kwamba amefanya vizuri, kwamba apumzike. Aligeuza sikio moja, akaendelea kungoja.

Mpaka asubuhi ile mimi sikuwa nimewahi kupanda farasi. Mnajua hivyo na mmenicheka sana. Miaka yote nilitembea kando, kwa aibu ya mtu aliyeanza na umri umeshakwenda. Feza alitoka na chai, akaniona nikilitandika lile blanketi, akaweka vikombe juu ya jiwe, akanifumbatia mikono nipate pa kukanyaga.

Juu kulikuwa na joto, na palikuwa papana kuliko nilivyodhani. Masikio yalirudi nyuma, moja, kisha la pili. Nilihisi chini yangu mgongo ukijipanga. Ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote, na barabara iliingia ndani yake ikapotea.

"Twende, Boniface," nilisema, na tukateremka.